Jinsi ya kupima Mshtarii kutoka Lamu au Malindi na kuthibitisha kuwa si mwamba

Muulize mwanafunzi wa darasa la saba tofauti kati ya sayari za mwamba na sayari za gesi, atazitaja bila kukwama: Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi upande mmoja, Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptuni upande wa pili. Muulize sasa amejuaje. Hapo wengi hunyamaza, watoto na watu wazima pia.

Waliojaribu kutafuta jibu kwa darubini nao hukwama mahali pamoja. Wanaiona Mshtarii, wanaona vitone vinne pembeni yake, wanafurahi, kisha wanauliza: gesi yenyewe iko wapi? Haionekani kwa kutazama usiku mmoja. Inapimwa kwa muda wa wiki mbili hivi, na kipimo chenyewe kinawezekana kwa darubini ndogo, simu na daftari. Huhitaji hata kujua Mshtarii iko umbali gani kutoka kwetu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usiruke hata moja.

## Tunapima nini

Tunapima densiti, yaani gramu ngapi zimo katika sentimita moja ya ujazo. Maji ni 1. Mwamba wa kawaida huwa kati ya 2.5 na 3.3. Chuma ni 7.9.

Sayari nne zilizo karibu na Jua zote ni nzito kwa kipimo hicho: Utaridi 5.4, Zuhura 5.2, Dunia 5.5, Mirihi 3.9. Nne za mbali ziko chini kabisa: Mshtarii 1.33, Zohali 0.69, Uranus 1.27, Neptuni 1.64. Katikati hapana sayari hata moja. Pengo hilo ndilo linalotuwezesha kufanya kazi hii kwa vifaa vya kawaida. Hata ukikosea kwa theluthi nzima, jibu lako halitavuka kutoka kundi moja kwenda jingine.

## Vifaa

- Darubini ya stendi yenye lenzi ya mbele ya milimita 70 au zaidi, inayoweza kukuza mara 80 hadi 100. Darubini ya mkononi ya 10x50 itakuonyesha miezi ya Mshtarii, lakini sayari yenyewe itabaki nukta na hutaweza kuipima.
- Stendi ya miguu mitatu iliyo imara. Stendi nyepesi huharibu kazi hii kuliko lenzi mbovu.
- Simu yenye kamera, na kishikio cha kuifunga kwenye lenzi ya jicho.
- Daftari la hesabu lenye miraba, penseli, rula na kikokotoo.
- Tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, ili macho yako yasipoteze uzoefu wa giza.
- Kwa hatua ya kwanza tu: mizani ya jikoni, kikombe cha kupimia chenye alama za mililita, chubwi la mshipi, na mafuta ya nazi kidogo.

## Wapi na lini

Pwani yetu imebahatika. Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini mwa ikweta, Malindi nyuzi 3. Kwa hiyo Mshtarii hupanda juu sana kila mwaka, karibu na utosi, na mwanga wake hupita katika hewa nyembamba. Mtu wa Ulaya ya kaskazini haipati kamwe juu kiasi hicho.

Majira bora ni kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mbingu zinapokuwa safi. Masika usijisumbue, na kusi ikivuma kwa nguvu itatikisa darubini usiku kucha. Kuna na neema nyingine: Mshtarii hukaa mkabala na Jua kila baada ya miezi 13 hivi, na ndipo huonekana kubwa zaidi na kukesha angani. Safari hizi zinaangukia majira yetu mazuri, yaani Januari 2026, Februari 2027 na Machi 2028. Miezi miwili kabla na miwili baada ya tarehe hizo ni sawa kwa kipimo hiki.

Mahali: Shela, mbali na taa za gati, au Kipungani kwa anayeweza kufika. Upande wa Malindi, ufuo wa Mayungu au Mambrui unafaa. Giza kamili si lazima kwa sababu Mshtarii inang'aa sana, lakini utulivu ni lazima.

Onyo. Usisimamishe darubini juu ya paa la zege lililopigwa na jua mchana kutwa. Zege hutoa joto hadi usiku wa manane, na hewa juu yake hucheza mpaka sayari ionekane inachemka. Mchanga au nyasi ni bora. Gati la mbao pia halifai, kila apitaye hulitikisa. Ukiwa ufuoni siku za bamvua, weka vifaa juu ya mstari wa mwani mkavu, maji yasije yakakukuta umeinama kwenye lenzi.

## Hatua ya 1: Izoee densiti kwa mikono yako

Pima chubwi kwenye mizani, uandike gramu. Tia maji katika kikombe, andika yamefika wapi, litumbukize chubwi, andika yamepanda mililita ngapi. Gawanya gramu kwa mililita. Chubwi la risasi safi litakupa karibu 11.

Kisha fanya hivyo hivyo kwa jiwe. Jiwe la matumbawe la kujengea nyumba lina vitundu vingi, kwa hiyo litakupa namba ndogo kuliko mwamba mgumu, hilo lisikushangaze. Mafuta ya nazi pima uzito wake ndani ya kikombe, utapata karibu 0.92.

Kwa nini. Bila hatua hii, namba 1.3 mwishoni mwa kazi itakuwa wino tu kwenye karatasi. Mtu aliyekwisha pima jiwe na mafuta kwa mkono wake huisoma namba hiyo na kuielewa mara moja.

## Hatua ya 2: Ijaribu kanuni kwa Dunia

Kanuni tutakayotumia ni hii:

densiti = 0.0189 × (U × U × U) ÷ (S × S)

U ni umbali wa mwezi kutoka kitovu cha sayari yake, ukihesabiwa kwa nusu vipenyo vya sayari hiyo. S ni siku ambazo mwezi huo hutumia kuzunguka mara moja. Namba 0.0189 inatokana na nguvu ya uvutano na idadi ya sekunde katika siku moja, haibadiliki.

Maana yake ni nyepesi. Sayari yenye mada iliyoshindiliwa ndani yake huvuta kwa nguvu, kwa hiyo mwezi wake hauna budi kwenda mbio usije ukaanguka. Sayari yenye mwili mwepesi huvuta kwa ulegevu, na mwezi wake hutembea polepole. Mwendo wa mwezi unafichua kilichomo tumboni mwa sayari.

Tuijaribu hapa nyumbani. Mwezi wetu uko umbali wa nusu vipenyo 60.3 vya Dunia, na huzunguka kwa siku 27.3. Weka namba hizo kwenye kikokotoo: 60.3 mara tatu kwa yenyewe ni karibu 219,256, 27.3 mara yenyewe ni 745.3, gawanya, zidisha kwa 0.0189.

Ukifanikiwa utapata karibu 5.6. Densiti halisi ya Dunia ni 5.5, na ziada hiyo ndogo inatoka kwa Mwezi wenyewe, ambao nao una uzito wake na huivuta Dunia. Angalia pia kwamba 5.5 ni zaidi ya mwamba wowote ulioupima jikoni. Ndani kabisa ya Dunia kuna kiini cha chuma, na wewe umekigusa kwa kikokotoo tu.

Usiendelee mpaka upate namba hii. Anayekosea hapa atakosea kule.

## Hatua ya 3: Itambue Mshtarii, uipoze darubini

Toa darubini nje nusu saa kabla ya kuanza, ipoe ifikie joto la hewa ya nje. Mshtarii ni nyeupe yenye umanjano kidogo, mwanga wake umetulia, haumetimeti kama wa nyota. Kati ya sayari, Zuhura huishinda kwa kung'aa (Mirihi nayo mara chache sana, na ni nyekundu), lakini Zuhura haikai mbali na Jua, huwezi kuikuta juu utosini usiku wa manane.

Ukitaka uhakika, programu ya Stellarium ni ya bure na itakuonyesha mahali pake.

Onyo. Kamwe usielekeze darubini upande wa Jua, hata likiwa limebakiza kidogo kuzama. Jicho huharibika kwa muda mfupi kuliko wa kufumba, na halirudi. Ngoja Jua lizame lote. Watoto wakiwepo, funika lenzi ya mbele mpaka giza liingie.

Onyo la pili. Hewa yetu ina chumvi. Lenzi ikipata ukungu, iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa leso au ncha ya kanzu unasugua chumvi juu ya kioo.

Mshtarii ikiwa utosini kabisa, shingo na stendi vyote vitakusumbua. Fanya kazi ikiwa imepanda kiasi cha theluthi mbili ya njia kutoka upeo hadi utosi, halafu shika saa hiyo hiyo kila usiku.

## Hatua ya 4: Jua mashariki iko upande gani

Darubini nyingi ndogo hugeuza picha, na ile yenye kioo cha kona hubadilisha kulia na kushoto. Usikisie. Weka Mshtarii katikati, kisha usiguse chochote. Itateleza yenyewe kwa sababu Dunia inazunguka. Upande inakoishia, ikitoka nje ya duara la lenzi, ndio magharibi. Andika daftarini, na kila picha uiwekee alama hiyo.

## Hatua ya 5: Piga picha mbili, siyo moja

Hapa ndipo karibu kila mtu huharibu.

Mshtarii inang'aa mno kuliko miezi yake. Ukipiga picha ambayo miezi inaonekana vizuri, sayari yenyewe hufura na kuwa donge jeupe kubwa kuliko ukubwa wake wa kweli. Ukiipima hivyo, kipenyo kimezidi, U inapungua, na kwa kuwa U inazidishwa mara tatu, kosa la sehemu moja kwa kumi hugeuka kosa la robo hivi.

Kwa hiyo:

1. Funga simu kwenye kishikio, ukuze mara 80 au 100 kwa darubini, na usitumie ukuzaji wa simu kabisa.
2. Gusa skrini juu ya sayari, teremsha mwangaza mpaka uone mikanda miwili ya rangi ya udongo imekatiza duara. Piga. Hii ndiyo picha ya kipenyo.
3. Bila kugusa lenzi wala kishikio, pandisha mwangaza mpaka vitone vijitokeze. Piga. Hii ndiyo picha ya umbali.

Tumia kipima muda cha simu ili kidole chako kisitikise darubini. Piga seti tatu au nne, uchague iliyotulia.

Ukifanikiwa picha ya kwanza ina duara lenye ukingo mkali na mikanda, pasipo kitone hata kimoja. Picha ya pili ina donge jeupe na vitone viwili hadi vinne vilivyojipanga karibu katika mstari mmoja. Vikiwa pungufu ya vinne, vingine viko mbele au nyuma ya sayari. Subiri, vitatoka.

## Hatua ya 6: Pima kila usiku, na umjue Ganymede

Fungua picha kwenye skrini kubwa, kwa ukubwa uleule zote mbili. Katika ya kwanza pima kipenyo cha duara ukifuata mstari wa miezi. Katika ya pili pima kutoka katikati ya donge hadi kwenye kila kitone. Gawanya umbali kwa kipenyo. Andika hivi: tarehe, saa, kila kitone na umbali wake kwa vipenyo, mashariki au magharibi.

Tutamfuata Ganymede. Ndiye mwezi mkubwa kuliko yote katika mfumo wa Jua, mpana kuliko sayari ya Utaridi, na katika vile vitone vinne ndicho kinachong'aa zaidi. Kutambua kila kitone fuata mipaka hii: Io haivuki vipenyo 3 kutoka katikati, Europa haivuki 5, Ganymede haivuki 7 na nusu, Callisto hufika 13. Kitone angavu ulichokikuta kati ya 5 na 7 na nusu karibu hakika ni Ganymede. Kikiwa hafifu, huenda ni Callisto anapita. Kilichozidi 8 ni Callisto peke yake.

Fanya hivi kwa usiku 15 au zaidi. Mawingu yakikukosesha usiku mmoja au mitatu si neno. Acha nafasi tupu, usijaze kwa kukisia. Wala usifungue programu kutazama Ganymede yuko wapi kabla hujapima. Ukishaambiwa jibu, jicho lako litalifuata.

## Hatua ya 7: Chora wimbi

Kwenye karatasi ya miraba, weka siku kwenye mstari wa chini, mraba mmoja kwa siku. Umbali wa mashariki uende juu, wa magharibi uende chini. Tia nukta za Ganymede, kisha pitisha mstari laini kati yake kwa mkono.

Ukifanikiwa utaona wimbi linalopanda na kushuka kwa mpangilio. Kilele chake ni umbali mkubwa zaidi wa Ganymede kutoka katikati. Muda kutoka kilele cha mashariki hadi kilele kinachofuata cha mashariki ni mzunguko mmoja. Ukiwa na vilele vitatu, chukua muda kati ya cha kwanza na cha tatu ugawanye kwa mbili. Utakuwa sahihi zaidi.

Usiunganishe nukta kwa mistari iliyonyooka. Kilele cha kweli mara nyingi hupita mchana, sisi tukiwa hatuoni, na mstari laini ndio unaokifikia.

## Hatua ya 8: Hesabu

Tuseme kilele chako ni vipenyo 7.4 na mzunguko ni siku 7.2. Zidisha vipenyo kwa 2 upate nusu vipenyo: 14.8. Hiyo ndiyo U.

14.8 × 14.8 × 14.8 = 3,241.8
7.2 × 7.2 = 51.84
3,241.8 ÷ 51.84 = 62.5
62.5 × 0.0189 = 1.18

Ukifanikiwa utaangukia popote kati ya 0.9 na 1.6. Vipimo vya kitaalamu, yaani nusu vipenyo 14.97 na siku 7.15, vinatoa 1.24 kwa njia yetu hii. Densiti halisi ni 1.33. Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba tumepima upana wa Mshtarii kiunoni, na kiunoni imetanuka. Tutaliona hilo mbele.

Sasa geuza hesabu. Kama Mshtarii ingekuwa mwamba na chuma kama Dunia, yenye densiti 5.5, Ganymede akiwa pale pale angezunguka kwa siku 3.4. Wewe umemwona kwa macho yako akichukua zaidi ya siku 7. Hakuna namna ya kuufanya mwamba uvute kwa ulegevu kiasi hicho.

## Hatua ya 9: Kwa nini ni gesi, isiwe maji?

Swali hili ni la haki, kwani 1.3 iko jirani na maji kuliko gesi yoyote tuijuayo jikoni.

Jibu liko katika ukubwa. Mshtarii ina upana mara 11 wa Dunia na uzito mara 318. Chini ya mzigo wa namna hiyo kila kitu hubanwa. Maji yangebanwa yakawa mazito mara kadhaa kuliko yalivyo kisimani, na mwamba ungezidi hata chuma. Kitu pekee kinachoweza kubanwa hivyo na bado kikabaki karibu na 1.3 ni haidrojeni ikichanganyika na heli, gesi mbili nyepesi kuliko zote. Ndani kwa ndani haidrojeni hiyo si gesi tena: hubanwa ikawa kimiminika, na chini zaidi ikapitisha umeme kama metali. Tunaiita sayari ya gesi kwa kile ilichoumbwa nacho.

Vyombo vilivyokwenda huko vinasema jambo hilo hilo. Desemba 1995 kifaa kilichotupwa na chombo cha Galileo kiliingia Mshtarii kikining'inia kwa parachuti, kikatuma taarifa kwa karibu saa nzima huku kanieneo ikipanda hadi zaidi ya mara 20 ya hapa kwetu, kisha joto na mbano vikakinyamazisha. Hakikugusa sakafu. Linganisha na Venera 13, iliyotua Zuhura Machi 1982. Ilikaa juu ya ardhi ngumu dakika 127 katika joto linalozidi nyuzi 450, ikapiga picha za mawe yaliyokuwa miguuni pake.

Kwa nini yamekuwa makundi mawili? Miaka bilioni 4.5 na zaidi iliyopita, Jua changa lilizungukwa na sahani ya gesi na vumbi. Karibu na Jua joto lilikuwa kali, vilivyoweza kuganda vilikuwa chuma na mwamba tu, navyo vilikuwa haba. Sayari zilizotokea zikawa ndogo na nzito. Mbali zaidi, kupita Mirihi, palikuwa na baridi ya kutosha maji kuwa barafu. Barafu ilikuwa nyingi, viini vya huko vikakua haraka, vikafikia uzito wa kuweza kushika haidrojeni na heli kabla Jua halijazipeperusha. Baada ya hapo ilikuwa kukusanya tu.

## Hatua ya 10: Ushahidi wa pili, kutoka picha ile ile

Rudi kwenye picha ya mikanda. Pima duara kwa kufuata mikanda, kisha pima kuikatiza. Havilingani. Kwa vipimo halisi ni kilomita 142,984 kiunoni na 133,708 kutoka ncha hadi ncha, upungufu wa karibu sehemu moja kwa 15. Dunia imebonyea sehemu moja kwa 298 tu, huwezi kuona. Mshtarii hujizungusha mara moja kwa saa 10 zisizotimia, na mwili usio mgumu hutanuka kiunoni ukizungushwa hivyo.

Mwenye darubini ya milimita 100 au zaidi anaweza kwenda mbele. Mawingu ya kiunoni hukamilisha mzunguko kwa saa 9 na dakika 50, yale ya juu na chini yake kwa saa 9 na dakika 55. Mwamba hauwezi kuzunguka kwa mwendo wa aina mbili. Mirihi ukiitazama ikiwa mkabala na Jua, kama Februari 2027, mabaka yake ya giza yote huzunguka pamoja kwa saa 24 na dakika 37, kwa sababu yamebandikana na ardhi.

## Hatua ya 11: Zohali, kwa aliyekwisha fanya ya kwanza

Njia ni ile ile, ukimfuata mwezi wake Titan, ambaye huzunguka kwa siku 16 na kufika vipenyo 10 kutoka katikati. Wakati ni matlai: Zohali itakuwa mkabala na Jua Oktoba 2026 na tena Oktoba 2027. Pima kipenyo cha mpira wenyewe, pete usizihesabu. Utapata karibu 0.6, chini ya mafuta ya nazi uliyopima siku ya kwanza.

## Mitego ya kuepuka

Mawingu si dalili ya gesi. Zuhura ni nyeupe tupu, huoni ardhi, na wengi huiweka kundi la gesi kwa sababu hiyo. Hewa yake ni nzito mara 90 ya yetu, lakini chini yake kuna mwamba, na densiti yake ni 5.2.

Wepesi peke yake hautoshi. Ganymede mwenyewe ana densiti ya 1.9, na si gesi. Ni barafu na mwamba. Ni mdogo, hakujibana, kwa hiyo 1.9 yake ina maana nyingine. Namba ya densiti isomwe daima pamoja na ukubwa. Kwa sababu hiyo hiyo Uranus na Neptuni, zenye densiti jirani na ya Mshtarii lakini miili midogo zaidi, haziwezi kuwa haidrojeni na heli kwa wingi ule. Ndani zimejaa maji, methani na amonia, na wataalamu huzitenga kama majitu ya barafu.

## Namba ikikataa

Ukipata karibu 5, usitangaze kuwa Mshtarii ni mwamba. Umehesabu nusu mzunguko, kutoka kilele cha mashariki hadi cha magharibi. Rudia na siku 7.

Ukipata karibu 0.15, umesahau kuzidisha vipenyo kwa 2.

Ukipata karibu 10, umechukua urefu wote wa wimbi kutoka juu hadi chini badala ya kutoka katikati hadi kilele.

Ukipata chini ya 0.9 na hesabu ni sahihi, tatizo ni picha ya kipenyo: duara limefura. Rudi hatua ya 5, teremsha mwangaza zaidi mpaka mikanda ionekane wazi.

Na ukiwa bado na shaka, toa nukta za Callisto kutoka daftari lile lile uzichoree wimbi lake. Atahitaji nyusiku zaidi, kwa kuwa huzunguka kwa siku 16.7, na kilele chake ni vipenyo 13.2. Namba itakayotoka inapaswa kuwa ile ile ya Ganymede, kwa sababu ni sayari moja inayowavuta wote wawili.